Mjane Asiyetolewa Ng'ombe

SEHEMU YA SABA

Kufuli liliitika mlangoni, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Jailos. Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, kila mmoja wetu akiwa ameshika gazeti kwa mikono miwili: nyumba ya marehemu Asukile imefungwa kwa nje, na Severina yumo ndani.

Asiyelipata toleo lile na ajue haya machache. Asukile, fundi seremala wa Majengo, Mbeya, amezikwa. Miaka mingi alikaa na Severina, Mhehe wa Tosamaganga, wakazaa binti mmoja, Ikupa. Ndoa hawakufunga. Asukile alikuwa Mmoravia na Severina Mkatoliki. Kila mmoja alimtaka mwenziwe abadili kanisa, na hakuna aliyekubali. Baba yake Severina, kwa upande wake, aliapa kwamba ng'ombe wa mtu asiye Mkatoliki hatakanyaga zizi lake. Sasa Jailos, mdogo wake marehemu, anaitaka nyumba. Na anamtaka Ikupa pia, kwa kuwa binti anapoolewa huingiza ng'ombe zizini.

"Utatoka humo siku utakayokubali kurudi kwenu Iringa!" Jailos alipaza sauti.

Kutoka ndani kikasikika kicheko.

"Shemeji," Severina akauliza kwa upole, "umefunga vizuri?"

"Vizuri kabisa!"

"Basi geuka uwatazame waombolezaji. Unga wao uko humu. Maharage yao yako humu, yanachemka. Na ndizi alizokuja nazo wifi kutoka Tukuyu, nimeziegemea hapa. Mimi nitakula. Ninyi je?"

Watu waliokuwa wamekaa uani tangu alfajiri, katika baridi ile ya Julai, waligeuza vichwa kwa pamoja.

"Huyu amemfungia mwanamke," mzee mmoja akauliza, "au ametufungia chakula?"

Tusajigwe, dada yao mkubwa Asukile na Jailos, akainuka. Ulimi wa mama huyu uliogopwa kutoka Tukuyu hadi Mbalizi.

"Lete ufunguo, mjinga wee."

"Dada, mimi ndiye mrithi!"

"Mrithi wa njaa? Lete!"

Ufunguo ukatoka. Mlango ukafunguliwa. Severina akajitokeza na mwiko mkononi, akawapakulia watu wote kwa zamu bila kumruka hata mmoja, na wa mwisho akampakulia Jailos.

"Kula ushibe, shemeji. Kesho utahitaji nguvu. Asubuhi, ulipokuwa sokoni ukichagua kufuli, mimi nilikuwa kwa mzee Yotamu. Nimekushitaki."

Jailos akalirudisha tonge sahanini.

Hapa niseme neno moja, kisha turudi mbioni. Asukile alikuwa mtu mwema, aliyepima mbao kwa makini kuliko fundi yeyote wa Mbeya. Siku zake hakuzipima. Alipougua aliwaambia mafundi wenzake kwamba nyumba ni ya Severina. Ndugu zake hakuwaambia neno, kwa kuogopa ugomvi. Ugomvi alioukimbia akiwa hai ndio aliouacha kuwa urithi. Mwanamume ajengaye nyumba akaficha ni ya nani, amewajengea watu wake uwanja wa vita.

Haya, na tuingie barazani.

*

Mzee Yotamu, mkuu wa baraza, alikuwa mtu mkavu. Hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Alivuta koti lake shingoni, akasema, "Jailos, anza."

"Wazee wangu, mwanamke huyu si mke wa kaka yangu. Ng'ombe hakuna. Pete hakuna. Padri hakuna, mchungaji hakuna. Alikuwa, nitumie neno la heshima, mgeni aliyekawia kuondoka."

Baraza likacheka. Ikupa, aliyeketi nyuma ya mama yake, akainamisha kichwa.

"Severina, unajibu nini?"

"Ninakubali."

Kicheko kikakatika. Tusajigwe akasahau kutafuna.

"Unakubali?" mzee Yotamu akauliza.

"Ninakubali, mzee. Karani na aandike: Severina hakuwa mke."

Jailos akapiga makofi peke yake.

"Ameandika?" Severina akauliza. "Vyema. Sasa naomba wazee wanifundishe, maana mimi ni mgeni niliyekawia. Kwa desturi yenu Wanyakyusa, na kwetu Uhehe hali ni hiyo hiyo, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa nani?"

Wazee wakatazamana. Jibu walilijua tangu utoto wao, na kila mmoja alingoja mwenziwe alitaje.

"Ni wa ukoo wa mama," mzee Yotamu akasema polepole.

"Basi Ikupa si wa Jailos. Na wale ng'ombe ambao baba wa mwalimu kijana wa Tukuyu aliyemchumbia Ikupa amekwisha kuwaleta zizini kwa Jailos kabla udongo wa kaburi haujakauka, warudi walikotoka. Shemeji, yule wa kahawia uliyemuuza kwa mchinjaji wa Sokomatola, nyama yake utaikusanyaje?"

Sasa baraza lilicheka upande mwingine.

"Nyumba!" Jailos akafoka. "Tulikuja kwa shauri la nyumba! Nyumba ni ya kaka yangu!"

"Na paa lake?"

"Paa gani?"

"Asukile alipokuwa akitengeneza maboriti ya kutegemezea mashimo ya dhahabu kule Makongolosi, mimi niliwapikia wachimbaji. Jogoo wa kwanza aliwika akinikuta nimekwisha kuwasha moto. Bati za nyumba ile zilitoka jikoni kwangu, na mafundi waliozipigilia wako hapo mlangoni, waulizeni. Wazee, watu wawili wasio ndugu wakifyeka shamba moja, wakalilima, wakavuna pamoja, mmoja akifa, mwenziwe hufukuzwa shambani?"

"Hafukuzwi," mzee mmoja akajibu, kabla hajakumbuka kwamba yeye ni binamu yake Jailos.

Jailos alitazama huku, akatazama huku. Aliuona mtego: kama Severina si mke, binti anakwenda, ng'ombe wanakwenda, na nyumba ina mwenyewe. Akaruka kutoka kitini kama aliyekalia siafu.

"Wazee, nilikosea! Ni mke!"

"Ulisema nini?" mzee Yotamu akauliza.

"Ni mke kamili! Alimpikia kaka yangu, alimzalia, alimuuguza. Sisi sote tulimwita shemeji. Dada, hukumwita wifi?"

"Nilimwita," Tusajigwe akakiri, "nilipokuwa na njaa."

"Andikeni ni mke!"

"Jailos," mzee Yotamu akasema, "hili ni baraza, si kilabu cha pombe. Unasema ni mke, nasi tunaandika, na halifutwi tena. Umekubali?"

"Nimekubali mbele ya baraza na mbele ya Mungu!"

Kalamu ya karani ikakwaruza. Na ilipotulia tu, uso wa Jailos ukachanua.

"Vyema. Kwa kuwa alikuwa mke, sasa ni mjane. Na mjane wa kaka yangu, kwa desturi ya wazee wetu, ni wangu mimi. Yeye, na nyumba, na mtoto."

Tusajigwe akapiga vigelegele. Jailos akavuka chumba kwa mikogo, akamshika Severina kiganja.

"Uachie mkono huu," Severina akasema bila kuinua sauti. "Umesonga ugali wa watu wengi. Usitake kuupima kwa shavu lako."

Jailos akauachia.

"Mjane hurithiwa kwa ng'ombe waliotolewa," Severina akaendelea. "Ukoo uliotoa ndio wenye neno. Taja ng'ombe mmoja aliyefika kwetu, Jailos. Sitaki jina lake. Taja rangi tu."

Jailos akamtazama dada yake; Tusajigwe akatazama dari.

Mzee Yotamu akainuka. "Shauri hili lina vichwa viwili, na kila kimoja kinauma. Tutarudi siku ya soko. Jailos, ulete shahidi wa ng'ombe. Ukimkosa, baraza litajua la kufanya."

Watu wakatawanyika. Majirani wakamsindikiza Severina hadi Majengo kama bibi harusi. Yeye peke yake hakufurahi, kwa sababu alipogeuka barabarani alimwona Jailos akipanda basi la Relwe, lile la shirika la reli, lielekealo Iringa, naye alikuwa akipiga mluzi.

*

Siku ya soko Jailos hakurudi peke yake. Aliongozana na mtu mrefu mwenye rozari shingoni. Severina alipomwona, moyo ulimruka kwa furaha.

"Kamwene, kaka!" akamwamkia Kihehe, akakimbia kumpokea mzigo. Mtu yule alikuwa Kasian, kaka yake wa tumbo moja. "Umekuja kusimama nami!"

"Kamwene," Kasian akajibu, naye akitazama ukuta. "Nimekuja kwa haki yangu."

Wakaingia. Mzee Yotamu akamhoji Kasian mara moja.

"Je, ng'ombe wa Asukile walifika kwenu kwa ajili ya dada yako?"

"Hawakufika, mzee. Baba aliwakataa, na sasa baba ni marehemu."

Mnong'ono ukaenea. Shahidi aliyeletwa na Jailos alikuwa anamwangamiza Jailos! Lakini Jailos alitulia, amekunja mikono, kama mtu aliyekwisha kusikia mwisho wa hadithi.

"Ndiyo sababu nimekuja," Kasian akaendelea. "Dada yangu alisema mbele yenu kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama. Amesema kweli. Baada ya baba kufa, ukoo huo ni mimi. Basi nimemwoza Ikupa. Mzee mmoja wa Madibira amekwisha kutoa ng'ombe, nami nimepokea. Basi la Iringa linaondoka mchana. Nitakwenda naye."

"Siendi!" Ikupa akapiga kelele. "Mama, siendi!"

"Msichana, keti," mzee Yotamu akaamuru, lakini sauti yake haikuwa na ukali.

Severina alimkabili kaka yake uso kwa uso.

"Mzee huyo wa Madibira ana umri gani?"

"Ana wajukuu."

"Na wake?"

"Wanatosha."

"Wanatosha! Baba aliwakataa ng'ombe wa Asukile kwa ajili ya dini, nikakaa miaka yote ile nikisemwa kisimani na sokoni. Leo wewe, mwenye rozari, umewapokea wa mtu mwenye wake wa kutosha. Dini yako, Kasian, imehamia zizini?"

Kasian akaishika rozari yake kama iliyomuunguza. "Desturi ni desturi. Wewe ndiye uliyeitaja kwanza."

Na kweli aliitaja. Mkuki alioutupa kwa Jailos ulikuwa umegeuzwa, na ncha yake ilimwelekea mtoto wake mwenyewe.

Jailos akamwinamia sikioni. "Usihangaike, shemeji. Njia iko. Sema ulikuwa mke. Mara moja Ikupa anakuwa wa ukoo wetu, mjomba wake anarudi mikono mitupu, na mwalimu wake wa Tukuyu anamwoa. Nawe unakuwa wangu. Unauona wema wangu?"

"Ni wewe uliyemwendea Kasian."

"Basi la Relwe lina viti vizuri," Jailos akajibu, akarudi mahali pake.

Mzee Yotamu akagonga meza. "Severina, baraza limechoka kugeuka. Siku ile ulisema hukuwa mke, Jailos akasema ulikuwa. Leo ulitaje wewe mwenyewe, na utakalolitaja ndilo tutakalolihukumia. Ulikuwa mke wa Asukile, au hukuwa?"

Mtazame mama huyu, msomaji. Akisema hakuwa, anabaki na nyumba yake na uhuru wake, na mtoto anapandishwa basi kwenda kuwa mke wa babu wa watu. Akisema alikuwa, mtoto anapona, na mama anaingia nyumbani kwa Jailos. Wanaume watatu walimtazama, na kila mmoja alidhani anajua jibu.

Severina akamwangalia Ikupa. Kisha akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, akakikaza.

"Nilikuwa mke," akasema.

"Andika!" Jailos akaruka juu. "Andika upesi!"

"Naam, karani, andika. Nilikuwa mke wa Asukile, na Jailos mwenyewe alikwisha kulithibitisha mbele ya baraza na mbele ya Mungu. Kwa hiyo Ikupa ni binti wa ukoo wa baba yake. Kasian, basi la Iringa litakupeleka peke yako. Ukifika, wafungulie ng'ombe wa watu zizini, uwasindikize wewe mwenyewe hadi Madibira. Ukapate kuungama njiani."

Kasian akaketi kama gunia lililoachiwa.

"Nami nampeleka mjane wangu nyumbani," Jailos akasema, akinyoosha mkono.

"Simama hapo hapo! Sijamaliza. Mzee Yotamu, mjane akikataa kurithiwa na ndugu wa mumewe, desturi inataka afanye nini?"

"Jamaa zake hurudisha ng'ombe waliotolewa, naye anakuwa huru."

"Huru kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ninakataa." Severina akamgeukia Jailos, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, akatabasamu. "Nami si mtu wa kudhulumu. Ng'ombe wenu nitawarudisha wote, leo hii, kabla jua halijatua. Wahesabu, Jailos. Wahesabu ng'ombe mliowatoa kwa ajili yangu. Nasubiri. Kakaangu huyu hapa. Amekwisha kulieleza baraza hili, kwa kinywa ulichokilipia nauli wewe mwenyewe, kwamba hakufika hata mmoja."

Mafundi seremala waliosimama mlangoni wakapasuka kwa kicheko, na kicheko kikaenea benchi kwa benchi hadi kwa wazee. Mzee Yotamu akafunika mdomo kwa kiganja, na mabega yake yakatikisika.

"Wahesabu, mrithi!" mtu akapiga kelele. "Anza na yule wa kahawia!"

Hata Tusajigwe alikuwa anafuta machozi. "Nilikwambia ulete ufunguo, Jailos. Mwanamke huyu ukimfungia ndani, wewe ndiwe unayebaki nje."

"Lakini... lakini alikuwa hana ndoa!" Jailos akagugumia.

"Na nani aliyesema ana ndoa?" mzee Yotamu akauliza. "Si wewe? Keti."

Ikupa alikwisha kumkumbatia mama yake. Mzee Yotamu akajikohoza, akavaa tena uso wake mkavu, akainua mkono wa kulia.

"Baraza limesikia. Severina alikuwa mke wa Asukile kwa maneno ya ukoo wenyewe. Kwa hiyo nyumba ya Majengo, pamoja na..."

"Msiimalize hukumu hiyo."

Sauti ilitoka mlangoni. Mafundi wakapisha njia.

Aliingia mwanamke mtu mzima, mwenye vumbi la safari hadi magotini na nguo nyeusi za msiba. Hakuna mtu hata mmoja barazani aliyemfahamu. Alitembea hadi mbele ya meza, akaweka kifurushi chake chini, akawainamia wazee kwa adabu.

"Mnisamehe kwa kuchelewa. Nimetoka Ndola, Rodesia ya Kaskazini, na habari za msiba zilinifikia kwa vinywa vya wachimba shaba waliokuwa wakirudi kazini. Naitwa Damari. Mchungaji alitufungisha ndoa kanisani, Asukile angali kijana akifanya kazi kule, kabla hajarudi nchi hii. Alisema anakuja kuwaona wazazi, kisha angenifuata."

Akaulaza mkono wa kushoto juu ya meza, vidole vimenyooka, ili karani na wazee wote waone.

Pete ilikuwapo. Ilikuwa imekaa miaka mingi hata nyama ya kidole ilikuwa imeimeza nusu.

Severina aliitazama pete kabla hajautazama uso. Miaka yote ile Asukile alikuwa akimwambia, "Makanisa yetu hayapatani, mama Ikupa, tufanyeje?" naye akayalaumu makanisa, akamlaumu padri, akamlaumu baba yake mzazi hata siku ya kumzika.

Jailos akainua kichwa polepole. Uso wake ulianza kuchanua tena.

"Hapo nje nimeambiwa," Damari akasema, akigeuka kuwakabili watu, "kwamba humu ndani yumo mwanamke anayejiita mke wa mume wangu. Ni nani?"

Ikupa alimshika mama yake nguo ili asiinuke. Karani aliinua kalamu juu ya karatasi akaisahau hapo.

Severina akavitoa vidole vya mtoto kwenye nguo yake, kimoja kimoja. Akasimama, akapiga hatua moja mbele, akamtazama mgeni machoni.

"Mimi," akasema.